Habari za Valvu, Taa za Simu ya Upepo

Katika nyumba za wazee huku mlimani pengine utakuta sanduku la mbao juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Vijana wa nyumba hawajui kazi yake, ila wamekatazwa kulichezea. Ukilifungua kwa nyuma, waona chupa ndogo nne au tano zilizojaa vumbi. Chupa hizo ndizo valvu, na watu wengine waliziita taa za redio, maana zikiwashwa huonyesha wekundu hafifu ndani yake. Yafaa tujue habari zake kabla masanduku hayo hayajaishia jikoni kuwa kuni.

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna uzi mwembamba wa madini, na kando ya uzi mna bamba. Uzi ukipata moto, chembe za umeme huutoka na kurukia bamba, wala hazirudi nyuma. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitumia kanuni hiyo mwaka 1904 ili kuyatambua mawimbi ya simu ya upepo. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akatia kitu cha tatu, yaani kiwavu kidogo kati ya uzi na bamba. Na kiwavu hicho ndicho kilichogeuza mambo yote.

Sisi wa mlimani tusione shida kulielewa jambo hili. Mfongo uletao maji kutoka msituni una nguvu ya kunywesha vihamba vingi. Lakini mtoto akiinua au akishusha kizuizi chake, maji yote humtii. Ndivyo ilivyo kwa kiwavu. Sauti iliyofika kutoka mbali, dhaifu mno, hushika mlango wa mkondo mkubwa utokao katika betri, na mkondo ule huiga kila mtikisiko wake. Hakuna nguvu mpya iliyoumbwa. Nguvu yote yatoka katika betri, nayo betri huliwa upesi, kama tutakavyoona.

Kabla ya valvu kuenea, simu ya upepo haikuwa na maneno. Wadachi walikuwa na vituo vyake Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya kwanza, lakini vilitumia cheche za umeme, na cheche zaweza kupeleka alama fupi na ndefu tu. Hata hivyo vilihesabiwa kuwa vitu vya thamani. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika Dar es Salaam na kupiga mizinga kwa ajili ya kituo kile. Mapigano ya kwanza katika bandari yetu kuu, basi, yalikuwa juu ya mlingoti wa habari.

Sasa niwataje watu ambao husahauliwa, nao ni wale waliofanya kazi ya redio kwa kuipenda tu, bila mshahara. Huko Marekani sheria ya mwaka 1912 iliwasukumia kwenye mawimbi mafupi, yasiyozidi meta 200, kwa kuwa wakubwa waliyadhani hayafai kitu. Ni kama kumpa mdogo shamba la mawe. Wakaunda mitambo yao kwa valvu, na mwezi wa Novemba 1923 wakazungumza kutoka Marekani hata Ufaransa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kumbe mawimbi mafupi hupanda hata tabaka za juu za anga, yakarudishwa chini mbali sana! Watu wa namna hii walikuwako Tanganyika pia. Alama yao ilikuwa VQ3, na sasa Tanzania yatumia 5H.

Huku kwetu redio ya valvu ilikuwa kitu cha wachache. Pasipokuwa na nyaya za umeme, ilihitaji betri ya namna mbili: volti moja na nusu za kuutia uzi moto, na volti 90 za kuuendesha mkondo. Mwaka 1949 redio iliyofanana na sufuria ya alumini, yenye valvu nne, ilianza kuuzwa kwa Waafrika wa Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Bei yake ilikuwa pauni tano, na betri yake pauni moja na shilingi tano. Ikatumika saa 300 hivi, ikafa. Mwenye kahawa aliweza kuwaza juu ya kitu kama hicho, lakini kwa mwenye ndizi tu haikuwezekana. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio moja ilisikilizwa na watu wengi.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba valvu ndiyo iliyoingiza redio katika kila nyumba. Kazi hiyo ilifanywa na transista, iliyovumbuliwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, ambayo haina uzi wa kutiwa moto na hutosheka na betri za tochi. Valvu ilibaki na heshima yake upande wa pili, yaani upande wa kutuma.

Na hapa Moshi yaingia. Mwezi wa Februari 1963 kituo cha Shirikisho la Walutheri Duniani kilianza kutangaza kutoka Addis Ababa, kwa mitambo miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Hizo ni nguvu za taa 1,000 za wati 100, zote zikipita katika valvu kubwa ambazo joto lake lazima liondolewe daima, zisije zikaungua. Vipindi vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, vikatiwa katika kanda, na kanda zikapelekwa Ethiopia. Hebu fikirini: maneno yaliyosemwa Moshi yalisafiri zaidi ya kilometa 1,300 kwenda kaskazini, yakapanda angani, kisha yakashuka tena katika vihamba vya Machame na Marangu, pengine kwa jirani wa msemaji mwenyewe. Hayakuwa mahubiri peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa habari na mafunzo.

Lakini mwenye kusema na mwenye kushika kizuizi cha mfongo walikuwa watu mbalimbali. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo, na valvu zile zile zikaanza kuyatangaza mapinduzi yake. Mitambo haikuharibika hata kidogo. Ilibadili bwana tu. Studio ya Moshi ilibaki na watu wake na kanda zake, bila njia ile ya kuwafikia wasikilizaji. Katika Tanzania bara, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, na baada ya hapo Sauti ya Injili ikapata masafa yake yenyewe, ikitangaza kutoka Moshi.