Maofisa wa Misitu Wasio na Msitu: Utumishi wa Miti na Moto Busia na Malaba

Historia ya misitu ya Kenya imezoea kuandikwa kutoka Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hutajwa kwa nadra, kwa kuwa haina msitu mkubwa wa serikali mfano wa Kakamega, uliotangazwa rasmi mwaka 1933. Mimi naona pengo hilo limewanyima haki watumishi wengi. Ofisa wa Mau alikuwa na mipaka, askari na sheria ya kumfukuza mvamizi. Mwenzake wa Busia alikuwa na mashamba ya watu, na silaha yake kubwa ilikuwa kusikilizwa.

Mambo mawili yalitokea mwaka 1902. Mwezi Aprili, mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa na mpaka. Mwaka huohuo zikatolewa kanuni za kwanza za misitu. Lengo la kanuni hizo lilikuwa hasa kuni za injini za reli, na kwa ajili hiyo mikaratusi ya Australia ikapandwa kando ya njia. Reli yenyewe ilipita Malaba kuelekea Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka 1931. Mfumo wa shamba ulioanza mwaka 1910, ambapo mkulima alilima katikati ya miche ya serikali hadi miti ikue, ulihitaji msitu wa serikali, kwa hiyo huku mpakani haukuwa na nafasi.

Moto ulikuwapo tangu zamani. Kuanzia Desemba hadi Februari nyasi hukauka, na wafugaji walizichoma ili mvua za kwanza ziwaletee ng'ombe malisho mabichi. Wakoloni waliona uharibifu mtupu na kutunga sheria ya moto wa nyasi. Maofisa waliokaa muda mrefu walielewa kwamba mfugaji ana hesabu yake. Kilichohitajika ni kumshawishi achome mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, na awape majirani taarifa. Kazi ya moto hufanywa kabla ya moto: njia za moto husafishwa kwa jembe na panga, chifu huitisha baraza, vijana hufundishwa kupiga miali kwa matawi mabichi. Moto wa kinyume, ule unaowashwa makusudi kutoka njia iliyosafishwa ili uukute mkubwa, huhitaji mtu anayeujua upepo wa mahali pale, na ujuzi huo haupatikani kwa kuhamishwa kituo kila baada ya miaka miwili. Huko juu Elgon, moto ukipanda hadi kwenye mianzi na nyasi za mlimani, hasara yake hushuka mpaka bondeni, kwa sababu mto Malaba chanzo chake ni mlima huo.

Chukua kijana aliyetoka Chuo cha Misitu cha Londiani, kilichofunguliwa mwaka 1957, akaajiriwa mwaka 1975 akiwa na miaka 22. Angestaafu mwaka 2008, umri wa kustaafu ukiwa bado 55. Alipoanza kazi, mpango wa kueneza miti mashambani, ulioanzishwa na Idara ya Misitu mwaka 1971, ulikuwa umeipa wilaya isiyo na msitu sababu ya kuwa na ofisa na vitalu. Mwaka 1981 Rais Moi aliunda tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti, na machifu wakaamrishwa kushiriki. Wakati huohuo tumbaku ilienea Teso, na kila msimu mabanda ya kukaushia majani yakala kuni nyingi. Wakulima walihimizwa kupanda mikaratusi kufidia. Mvule, unaokua polepole, ukawa unakatwa zaidi kuliko unavyopandwa. Hili ndilo kosa linalonisikitisha zaidi katika enzi ile.

Mwaka 2003 mamia ya maofisa wa misitu nchini walisimamishwa kazi kwa tuhuma za ufisadi, waliochafuka na wasiochafuka pamoja. Sheria ya 2005 ikaleta Huduma ya Misitu ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 2007. Katiba ya 2010 nayo ikazipa kaunti jukumu la misitu ya mashambani, kazi ileile iliyokuwa moyo wa utumishi wa Busia.

Februari 2018, mwezi ambao Marais Kenyatta na Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpaka Busia, serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Mbao kutoka Uganda na Kongo zikawa muhimu zaidi kwa mafundi wa Kenya, na malori yake hupita Busia na Malaba. Marufuku ilidumu hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Kwa miaka hiyo mitano, ofisa wa misitu mpakani alihitaji kuzijua mbao kwa rangi na harufu, na kusoma vibali vya misitu ambayo hajawahi kuiona.