1904: Mji Wazaliwa, Taifa Lahamishwa

Ndugu msomaji, jioni moja mwezi huu, ukiwa unangoja adhana ya magharibi, hebu yataje pole pole majina ya miji yetu: Nakuru, Naivasha, Njoro, Elementaita. Yote asili yake ni Kimaasai. Nakuru, wanasema, ni mahali pa vumbi. Naivasha ni maji yenye mawimbi. Sasa jiulize: hao waliotuachia majina haya, mbona hapa mjini ni wachache hivi? Jibu kubwa limo ndani ya mwaka mmoja, yaani 1904.

Kufikia mwaka huo Wamaasai walikuwa wameshachoka. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wao, ndui ikaua watu, na juu ya hayo wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo bonde hili lilikuwa bado malisho yao. Kisha likaja gari la moshi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa kule Kisumu. Ilikuwa imekula pesa nyingi, na Waingereza wakaona dawa ni kuleta walowezi walime kando yake, ili treni ipate mzigo wa kubeba. Mwaka 1903 Lord Delamere akapewa ekari 100,000 huko Njoro. Wengine wakafuata nyuma yake.

Mwaka 1904 wakubwa wenyewe waligombana. Kamishna Sir Charles Eliot alitaka kuwagawia wazungu fulani ardhi ya bondeni, London ikamzuia, naye akajiuzulu. Ungedhani Wamaasai wamepona. Wapi! Aliyeshika nafasi yake, Sir Donald Stewart, aliketi na wazee wa Kimaasai mwezi wa Agosti, na laibon wao Lenana akiwa mbele, mkataba ukawekwa alama. Wazee hawakujua kusoma. Maneno yalipita kwa wakalimani, na lugha yetu hii ya Kiswahili ndiyo iliyokuwa daraja kati ya Kiingereza na Kimaasai.

Walikubali nini? Kutoka bondeni kando ya reli na kugawanyika mapande mawili: wengine waende Laikipia, wengine wabaki kusini ya reli. Wao waliomba machache tu. Wapewe njia yenye maji ya kuunganisha pande hizo mbili, na maili tano za mraba kwenye mitelemko ya Kinangop kwa sherehe zao za jando. Serikali nayo ikaahidi kwamba sehemu hizo mbili zitakuwa zao muda wote Wamaasai watakapokuwako duniani. Na mwaka ule ule Nakuru ikatangazwa kuwa mji.

"Muda wote" huo, ndugu zangu, haukufika hata miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatolewa: Laikipia nayo inatakiwa na walowezi, hameni tena. Watu walisukumwa na mifugo yao kuvuka Mau katika baridi na mvua. Watu wakafa, mifugo ikafa, hata safari ikabidi isimamishwe kwanza. Ilianza tena baadaye na kumalizika 1913.

Kiongozi wa kaskazini, Parsaloi Ole Gilisho, alipinga. Hakushika mkuki, alitafuta wakili. Kesi ikasikizwa Mombasa, na Mei 1913 hukumu ikatoka: Wamaasai si raia wa Mwingereza, ni taifa la kigeni, na mkataba wao ni mambo ya dola kwa dola, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuuingilia. Rufaa nayo ikaanguka mwaka huo huo.

Hebu itazame ajabu hii. Walipotakiwa kutoa ardhi waliitwa taifa, ili mkataba uwe halali. Walipodai haki yao waliitwa taifa tena, ili mlango wa mahakama ufungwe. Neno lile lile moja liliwapoteza mara mbili.

Mwezi wa Agosti 2004, miaka mia ilipotimia, Wamaasai waliandamana Nairobi na Laikipia. Wengi waliamini kwamba hati za walowezi zilikuwa za miaka 99 na zimekwisha. Serikali ikasema sivyo. Baadaye Katiba ya 2010, kifungu cha 67, iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Mlango umefunguliwa kidogo, lakini 1904 haijarudishwa.

Yatuhusu nini sisi vijana wa Nakuru? Mwanzoni mwa 2008 tuliona hapa hapa jirani akimuuliza jirani kwao ni wapi. Ukijua ya 1904, hutaharakisha kuuliza swali hilo. Wengi wetu wazazi wetu au mababu zetu walikuja na reli hiyo hiyo, na wengine walikuja kuwa vibarua kwenye mashamba hayo hayo. Si kosa letu, lakini tumeishi juu ya ahadi iliyovunjwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hata lisipolipwa leo, angalau wanaokaa katika nyumba wajue jina la aliyeidai.