Umri wa Utu Uzima: Kutoka Amasunzu hadi Kitambulisho

Hapa Kanama, wilayani Rubavu, hakuna siku katika mwaka ambayo vijana huitwa pamoja kuambiwa kwamba sasa ni watu wazima. Wajapani wanayo. Jumatatu ya pili ya Januari vijana hukusanyika katika kumbi za manispaa zao, wasichana wengi wakiwa wamevaa kimono za mikono mirefu, wakamsikiliza meya, kisha wakapiga picha. Sikukuu hiyo iliwekwa na sheria ya mwaka 1948, Japani ikiwa bado inajikokota baada ya kushindwa vitani, lakini mizizi yake ni ya kale zaidi: katika familia za wakubwa, kijana wa kiume alibadilishiwa nywele, mavazi na jina, akahesabiwa mtu mzima.

Habari hiyo ya nywele ndiyo iliyonirudisha kwetu. Rwanda ya wafalme haikuwa na jando. Msichana aliyefikia umri wa kuolewa alinyolewa amasunzu, yale matuta ya nywele yenye umbo la mwezi mwandamo, na kila aliyekutana naye njiani alielewa. Akishaolewa na kuzaa, alivaa urugori, utepe wa bua la mtama. Mvulana naye aliweza kupelekwa itorero, kwa mfalme au kwa chifu, akajifunza vita, kucheza na kusema mbele za watu. Hata hivyo, amasunzu yalitangaza tu kwamba mtu yuko tayari. Utu uzima wenyewe ulianza na umunani, yaani ardhi ambayo mzazi humpa mtoto ili ajenge boma lake.

Leo serikali ina ngazi zake. Kwenye miaka 16 unapata kitambulisho. Kwenye 18 unapiga kura. Sheria ya mwaka 2016 ilishusha umri wa utu uzima kutoka 21 hadi 18, lakini ndoa ikabaki 21, mpaka sheria ya 2024 ilipowaruhusu wenye miaka 18 kuomba kibali kwa sababu maalumu. Kumbe hata Wajapani wamejikwaa hapo. Umri wao ulikuwa 20 tangu 1876, ukashushwa hadi 18 tarehe 1 Aprili 2022, na bado manispaa nyingi huwaalika wenye miaka 20, kwa kuwa wa miaka 18 wanahangaika na mitihani.

Itorero, iliyofifia wakati wa ukoloni, ilifufuliwa mwaka 2007, na tangu 2013 wanaomaliza sekondari hufanya urugerero: hujengea maskini nyumba, hutengeneza bustani za mboga. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalokaribia zaidi sherehe ya Wajapani. Kijana huonekana na sekta yake nzima, tena akifanya kazi, si akipigwa picha.

Lakini wazee wetu bado wanapima kwa umunani. Sheria ya 1999 ilimpa msichana haki sawa na kaka yake, jambo la haki kabisa, ila milima yetu haikuongezeka. Nilipopata kitambulisho nilimpelekea babu. Alikigeuza mara mbili, akaniuliza: "Na boma utalijenga wapi, mjukuu wangu?" Shamba lake alikuwa amekwisha kuwagawia baba na baba zangu wadogo wawili, na kwetu tumezaliwa wanne.