Hippowdon: Kiboko wa mchanga asiyejua ziwa

MKAZI wa Nakwa, kando ya Ziwa Babati mkoani Manyara, hahitaji kuelezwa kiboko ni mnyama wa namna gani. Mchana humwona amezama majini, akiacha nje macho, masikio na pua tu. Usiku humsikia akikoroma, na asubuhi huzikuta nyayo zake nchi kavu.

Katika ulimwengu wa michezo ya video yuko kiboko mwingine. Huyo haishi majini bali jangwani, hatoi jasho bali mchanga, na jina lake ni Hippowdon.

Hippowdon ni mmoja wa viumbe wa kubuniwa wa Pokémon, mchezo ulioanza kuuzwa nchini Japani Februari 27, 1996. Ulitengenezwa na kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu. Mchezaji huzunguka porini, huwakamata viumbe, huwalea na kuwapambanisha na wale wa wachezaji wengine.

Kiboko huyo wa mchanga alijitokeza katika matoleo ya Diamond na Pearl, yaliyotoka Japani Septemba 28, 2006 kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Nintendo DS. Katika orodha ya viumbe wote wa mchezo huo ana namba 450. Wajapani humwita Kabaldon, jina lililobeba neno lao kaba, yaani kiboko.

Kiumbe huyo huanza maisha akiwa Hippopotas, namba 449, mwenye urefu wa sentimita 80 na uzito wa kilo 49.5. Afikapo kiwango cha 34 hugeuka kuwa Hippowdon, mwenye urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 300.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyomo katika mchezo wenyewe, Hippopotas huishi mahali pakavu, huziba pua na kutembea ndani ya mchanga, na hukaa katika makundi ya takriban kumi. Hujifunika mchanga ili kujikinga na vijidudu, na hapendi kulowana.

Hippowdon naye huhifadhi mchanga mwilini na kuurusha kupitia matundu yaliyo mgongoni. Ni mwepesi wa hasira, na hupanua kinywa ili kuonyesha nguvu zake.

Nguvu na udhaifu wake

Katika mapambano Hippowdon ni wa aina ya ardhi. Alama zake za uhai ni 108, za shambulizi 112 na za ulinzi 118, lakini za kasi ni 47 tu. Kwa hiyo wachezaji humtumia kama ukuta: huvumilia mapigo mengi, ingawa mara nyingi mpinzani ndiye hutangulia kupiga.

Silaha yake kuu ni dhoruba ya mchanga, ambayo huzuka yenyewe mara tu aingiapo uwanjani. Dhoruba hiyo humpunguzia uhai kila kiumbe asiye wa aina ya ardhi, mwamba au chuma. Awali ilidumu mpaka hali nyingine ya hewa ichukue nafasi yake, lakini tangu matoleo ya mwaka 2013 muda wake wa kawaida ni zamu tano.

Umeme haumdhuru hata kidogo. Udhaifu wake uko katika mambo matatu: barafu, maji na majani.

Hapo ndipo msomaji wa Babati anapoweza kushangaa, kwa sababu maji na majani ndivyo vitu viwili ambavyo kiboko wa kweli hawezi kuishi bila hivyo. Ngozi yake hukauka upesi juani, hivyo hushinda majini mchana kutwa. Jua likizama hutoka kwenda malishoni, ambako kwa usiku mmoja anaweza kula takriban kilo 40 za nyasi.

Yaliyochukuliwa kwa mnyama halisi

Hata hivyo, wabunifu hawakutunga kila kitu kutoka hewani. Kupanua kinywa ni tabia halisi ya kiboko, na maana yake ni ile ile iliyoelezwa katika mchezo. Si miayo ya usingizi bali ni onyo kwa aliye mbele yake, na meno ya chonge yanayoonekana wakati huo yanaweza kufikia nusu mita.

Hali kadhalika, habari ya kujikinga na vijidudu ina mfano wake katika maumbile. Ngozi ya kiboko hutoa ute ambao hugeuka mwekundu, na ndiyo sababu watu wengi husema kiboko hutoa jasho la damu. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kemia ya rangi hizo, wakaonyesha kwamba huzuia mionzi ya jua na kwamba ile nyekundu huzuia pia ukuaji wa bakteria.

Yapo pia mambo ambayo mchezo umeyageuza. Hippowdon dume ana rangi ya kahawia isiyokolea na jike ana rangi nyeusi, hivyo mchezaji huwatofautisha kwa kuwatazama tu. Viboko halisi hufanana mno, hata si rahisi kumtambua jike na dume kwa mbali.

Uzito nao umepunguzwa mno, kwani dume aliyekomaa huzidi tani moja na nusu. Ama kuhusu kasi, picha ya mnyama mzito asiyeweza kukimbia ni ya hatari kwa anayeiamini. Kiboko wa kweli anaweza kukimbia takriban kilomita 30 kwa saa kwa masafa mafupi, na watu wengi hawawezi kumshinda.

Kiboko wa Ziwa Babati

Tangu Julai 2016, ulipotoka mchezo wa Pokémon GO, viumbe hao wamehamia katika simu za mkononi, na mtoto hahitaji tena kifaa maalumu ili kukutana nao. Anayemjua kiboko kwa njia ya kioo humwona ni kiumbe wa kukamatwa, kufunzwa na kuitwa kwa jina. Kando ya ziwa hali ni tofauti kabisa.

Ziwa Babati ni dogo, kina chake ni kifupi, na liko pembeni mwa mji, jirani na barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma. Halimo ndani ya hifadhi ya taifa. Wavuvi wa perege na kambare, wakulima, wachunga ng'ombe na viboko wote hutegemea maji hayo hayo na ukingo huo huo.

Mazao yanapolimwa hadi karibu na maji, njia ya kiboko ya kwenda malishoni hupita shambani. Hatari kwa binadamu huwa kubwa zaidi pale mtu anaposimama kati ya mnyama huyo na maji, mtumbwi unapompitia juu akiwa amezama, au jike anapokuwa na ndama.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zilizofuata mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Malipo hayo, kama majina yake yanavyodokeza, ni pole ya Serikali na si fidia kamili ya hasara.

Kwa upande mwingine, kiboko mwenyewe yumo hatarini. Mwaka 2006, mwaka ule ule alipozaliwa Hippowdon, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na tathmini ya mwaka 2017 ilimwacha humo humo.

Mfano ulio wazi ni Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na viboko wapatao 29,000. Kufikia mwaka 2005, baada ya vita na ujangili wa nyama na meno, walikuwa wamebaki chini ya 1,000.

Katika mchezo, Hippowdon akishindwa hupelekwa katika kituo cha matibabu na kurejeshewa uhai wake wote kwa sekunde chache. Kiboko halisi jike hubeba mimba kwa takriban miezi minane na kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu, hivyo kundi lililopungua huchukua miaka mingi kurudi katika idadi yake. Kwa wakazi wa Nakwa, kuacha ukanda wa nyasi usiolimwa kando ya ziwa kunawalinda wote wawili: mkulima na shamba lake, na kiboko na njia yake ya malishoni.