White African Power

White African Power ni albamu ya Tanzania Albinism Collective, kikundi cha watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Ilitolewa 2017 na Six Degrees Records. Mtayarishaji ni Mmarekani Ian Brennan. Waimbaji wake, ambao wengi hawakuwahi kuimba hadharani, walitunga wenyewe nyimbo fupi za upweke na kutengwa, baadhi kwa Kikerewe na Kijita. Ala ni chache mno, na huzuni haikupambwa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya albamu. Hofu wanayoiimba inafahamika pia ng'ambo ya kisiwa, hadi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu: Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumizwa zaidi na mauaji ya watu wenye ualbino.