Rufaa Kabla ya Safari: Mhalifu Mgeni na Haki ya Kusikilizwa nchini Uingereza

Sheria ya Mipaka ya Uingereza ya mwaka 2007 inamtaka Waziri wa Mambo ya Ndani atoe amri ya kumfukuza nchini mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Ilitungwa baada ya kashfa ya mwaka 2006, ilipobainika kwamba wafungwa wa kigeni zaidi ya 1,000 walikuwa wameachiwa huru bila mtu kufikiria kama warudishwe kwao. Waziri wa wakati ule, Charles Clarke, alipoteza wadhifa wake. Bunge lilitaka kuziba ufa huo, na kwa nia hiyo halistahili lawama. Ninachopinga ni hatua iliyofuata miaka saba baadaye, ya kumwondoa mtu kwanza na kuisikiliza rufaa yake akiwa ng’ambo. Rufaa ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa ya wanaoikata, hubaki jina tu, kwa kuwa jambo linalopimwa ndani yake haliwezi kupimwa vizuri mhusika akiwa hayupo.

Tuanze na jambo hilo linalopimwa. Kosa lilikwisha kuamuliwa na mahakama ya jinai, na adhabu yake imekwisha kutolewa. Tangu Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014, hata amri ya kufukuzwa yenyewe haikatiwi rufaa. Mrufani hupinga uamuzi wa wizara wa kukataa dai lake la haki za binadamu au la hifadhi ya ukimbizi. Mara nyingi dai hilo husimama juu ya Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda maisha ya faragha na ya familia. Aliyefungwa chini ya miaka 4 anaweza kuonyesha kwamba ameishi kihalali Uingereza sehemu kubwa ya umri wake, amezama katika jamii ya huko, na atakumbana na vikwazo vikubwa sana akijaribu kuanza maisha katika nchi anayopelekwa. Au athibitishe kwamba kuondoka kwake kutamuumiza mwenza au mtoto wake kupita kiasi. Aliyefungwa miaka 4 au zaidi hutakiwa kuleta sababu nzito kuliko hizo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ina vigezo vyake, vilivyowekwa katika shauri la Boultif dhidi ya Uswisi (2001) na kupanuliwa katika Üner dhidi ya Uholanzi (2006): uzito wa kosa, muda wa kuishi nchini, mwenendo wa mtu tangu alipokosa, hali ya watoto wake. Katika Maslov dhidi ya Austria (2008) iliongeza kwamba mtu aliyekulia nchini humo tangu utotoni asifukuzwe pasipo sababu nzito sana.

Karibu kila kigezo kati ya hivyo kinamhusu mtu alivyo leo, na ushahidi wake uko pale alipoishi. Afisa wa probesheni anayeweza kueleza kama mtu huyu amebadilika anahitaji kukutana naye. Mtaalamu wa ustawi wa jamii anayepima uhusiano wa baba na mtoto anahitaji kuwaona pamoja. Hakimu naye anataka kumsikia mrufani akijibu maswali ya dodoso, kwa sababu majuto na mabadiliko ni mambo ambayo karatasi huyaeleza kwa shida. Mtu akishaondolewa, uhusiano huo huanza kukauka siku ile ile, na miezi ya kusubiri rufaa hugeuka ushahidi dhidi yake: mtoto ameshazoea kuishi bila baba.

Mwaka 2014 wizara ilipewa uwezo wa kuthibitisha kwa cheti kwamba mrufani aondoke kwanza, ilimradi kuondoka huko kusimsababishie madhara makubwa yasiyorekebishika. Juni 2017, katika shauri lililofunguliwa na Mkenya mmoja na Mjamaika mmoja, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba utaratibu ule, kwa jinsi ulivyokuwa ukitumika, ulivunja haki zao za Kifungu cha 8. Takwimu zilizowekwa mbele ya mahakama hiyo zinatosha kumfanya msomaji asimame. Kati ya Julai 2014 na mwisho wa 2016 vilitolewa vyeti 1,175 vya namna hiyo dhidi ya wahalifu wa kigeni. Waliofungua rufaa kutoka nje walikuwa 72. Hadi takwimu hizo zinatolewa, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameshinda. Inawezekana wengi wangeshindwa hata kama wangesikilizwa London, lakini vyeti vile vilitolewa kwa watu wenye hoja zinazostahili kusikilizwa. Dai lisilo na msingi lina utaratibu wake mwingine. Watu zaidi ya elfu moja wenye hoja za kujadiliwa, bila mshindi hata mmoja: hapo ni mlango wenyewe uliokuwa umefungwa.

Wapo wanaosema mgeni aliyevunja sheria za mwenyeji wake amejivua haki ya kubaki. Dola ina haki ya kumfukuza, nami siipingi. Ninachodai ni kwamba haki hiyo itumike baada ya kusikiliza. Pingamizi la ucheleweshaji lina uzito zaidi, kwa kuwa wapo wanaokata rufaa ili kununua muda tu, na waathiriwa wa uhalifu wana haki ya kuona jambo likifika mwisho. Lakini dawa ya ucheleweshaji ni mahakimu wa kutosha na tarehe za karibu. Kumhamisha mrufani hakufupishi foleni ya kesi, kunabadilisha tu mahali anapoisubiri.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la video: kwamba mrufani aliyeondolewa anaweza kutoa ushahidi wake kwa njia hiyo. Mahakama ya Juu haikusema kwamba ushahidi wa video haufai kamwe. Ilisema mrufani hakuwa na njia halisi ya kuutoa, kwa gharama na kwa vifaa, wala kupata wakili kwa urahisi, maana msaada wa kisheria kwa madai ya Kifungu cha 8 ulikuwa umeondolewa kwa jumla mwaka 2013, ukabaki kwa kesi za kipekee. Serikali ikajibu kwa kuandaa vyumba vya video katika nchi chache, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi nane za mwanzo. Agosti 2025 ilitangaza kuongeza nyingine 15, zikiwemo Kenya na Uganda. Nakubali kwamba hatua hii inajibu sehemu ya hukumu ya 2017. Video inaweza kuleta sauti na uso. Haimleti mtaalamu anayepaswa kukaa chumba kimoja na baba na mwanawe, wala hailipi wakili, wala haizuii uhusiano kukauka wakati wa kusubiri.

Hapa suala linakuwa letu pia, watu wa Afrika Mashariki. Utaratibu wa mabaraza ya Uingereza yanayosikiliza rufaa hizi unataka nchi aliko shahidi isiwe na pingamizi kuhusu ushahidi wa mdomo kutolewa kutoka kwenye ardhi yake, kwa hiyo Dodoma, Nairobi na Kampala zina neno la kusema. Serikali zetu ziweke masharti: chumba cha faragha, mkalimani anapohitajika, wakili anayelipiwa, tathmini za kitaalamu zikamilike kabla mtu hajasafirishwa, na ahadi ya maandishi kwamba atakayeshinda atarudishwa kwa gharama ya dola iliyomwondoa. Chama cha Mawakili wa Tanganyika na vyama vya mawakili vya Kenya na Uganda vinapaswa kuyadai masharti hayo sasa, kwa kuwa majina ya nchi zetu tayari yako kwenye orodha ile.