Tulivyoiona Ruvuma Tukiwa Mjini

Watu wa kwetu Mbinga hatuna desturi kubwa ya kusafiri bila sababu. Mtu akionekana stendi na begi lake huulizwa kama kuna msiba, mgonjwa, kesi au harusi. Akijibu kwamba yeye na mkewe wanakwenda mjini kutembea tu, kuona makumbusho na kula hotelini, wanaomsikiliza hutazamana. Wala wasilaumiwe, maana mazoea hayo yana historia yake.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, njia ya kutoka huku kwenda pwani ilikuwa njia ya kazi. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi, na kodi ilitaka fedha taslimu. Vijana wengi wa Songea na vilima vyake walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama SILABU, na Songea ikawa miongoni mwa sehemu walikotoa watu. Mwanamume aliondoka peke yake; mkewe alibaki na shamba, watoto na wakwe. Kwa hiyo safari ya mume na mke pamoja, kwa furaha yao wenyewe, ni jambo changa kwetu. Babu zetu wangeiita anasa. Nadhani bibi zetu wangeiita haki iliyochelewa.

Mwaka 2024, baada ya malipo ya kahawa, mimi na mke wangu tulifunga safari ya namna hiyo: siku mbili Songea, kisha Dar es Salaam. Hapana budi nieleze jambo moja, kwani pasipo hilo msomaji hataelewa kwa nini safari ya mapumziko ilitupa mengi ya kufikiri. Mimi ni Mmatengo wa milimani. Mwenzangu ni Mngoni. Leo makabila haya ni watani, na utani huo ndio uliotufanya tuzoeane. Lakini chanzo chake hakikuwa mzaha.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa vurugu zilizofuata kupanuka kwa dola ya Wazulu. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika. Makundi mawili yalifika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, yakajenga himaya za Njelu na Mshope. Walikuwa hodari wa vita, na waliishi kwa kuteka watu, ng'ombe na chakula kwa majirani. Wamatengo walikuwa majirani. Walikimbilia milimani na mapangoni, na wengi wakalazimika kulima miteremko ambayo mtu mwenye hiari asingeichagua. Hayo ndiyo niliyoyabeba kichwani tulipoingia Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, mjini Songea.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1980, nayo yamejengwa karibu na makaburi ya mashujaa. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbini Julai 1905, na vikafika Ungoni kabla mwaka haujakwisha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kumbukumbu ya Songea inawahesabu mashujaa 67. Miongoni mwao mwanamke ni mmoja tu, Mkomanile, aliyekuwa na madaraka ya utawala katika eneo lake na akauawa kama wenzake wanaume.

Mke wangu alisimama kwenye jina hilo kwa muda mrefu. Shuleni tulifundishwa habari za Kinjikitile na Songea Mbano, lakini Mkomanile hatukumsikia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Neema, huyu naye alikuwa na watoto?" Sikuwa na jibu. Niliona kwamba mimi nilikuwa nikihesabu majina, naye alikuwa akiwaza juu ya nyumba iliyobaki bila mtu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na masikitiko ya namna mbili. Waliolala pale walikuwa wazalendo waliokataa kutawaliwa, na jinsi walivyouawa inatia uchungu. Lakini baadhi yao, au baba zao, ndio waliowapandisha babu zangu milimani. Makumbusho ya taifa hayana nafasi kubwa ya kusema mambo hayo mawili kwa pamoja. Yanatakiwa kutuunganisha, na neno "shujaa" hufupisha maelezo mengi. Hata hivyo kuna jambo lililolegeza moyo wangu. Baada ya mapigano Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mazao ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa kusini kote, wengi wao kwa njaa na maradhi. Njaa ya namna hiyo haimuulizi mtu kabila lake, wala haiulizi nani alimteka nani miaka 40 iliyopita.

Lipo pia jambo ambalo halimo katika makumbusho yale. Inaaminika kwamba kichwa cha Songea Mbano kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kama ilivyokuwa kwa mafuvu mengi ya Waafrika wa zama hizo. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Mke wangu alikuwa amesikia habari hiyo redioni. Pale makaburini alisema msamaha ni mwema, lakini kwa desturi anayekuja kwenye msiba haji mikono mitupu.

Tulitoka tukaenda kwa mama lishe, karibu na soko. Tulikula ugali, maharage na dagaa wa Nyasa, na pale mezani ndipo mazungumzo ya makumbusho yalipoendelea vizuri zaidi. Mwenzangu alinitania kwamba Wangoni wasingetufukuza tusingejua kulima ngoro, kwa hiyo tunawadai shukrani. Nilimjibu kwamba deni hilo nililimaliza siku nilipotoa mahari. Mama lishe alicheka, akaongeza maharage. Nimegundua kwamba ndani ya jengo la kumbukumbu watu hunong'ona na kukubali kila wanachosoma, lakini wakikaa mbele ya sahani huanza kubishana na historia, na kubishana nayo ni njia mojawapo ya kuielewa.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Asubuhi baada ya kupumzika tulikwenda Makumbusho ya Taifa, kwenye Mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, yakapanuliwa mwaka 1963 baada ya uhuru. Fahari yake ni habari za Zinjanthropus, yule aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita, ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Watoto wa shule walikuwa wamejaa, wakiandika kila kitu katika madaftari.

Mimi nilikuwa nikitafuta kitu kingine. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Mwingereza aitwaye Parrington alichimba mifupa katika bonde la Ruhuhu, mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Mifupa hiyo ilikwenda Uingereza na kukaa miongo mingi bila maelezo kamili. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza kwamba ni ya mnyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au basi ni ndugu yao wa karibu sana. Walimwita Nyasasaurus. Anabeba jina la ziwa letu, lakini mifupa yake imehifadhiwa London. Jirani zetu wa Lindi wanaijua hali hiyo: mifupa mikubwa ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi bandarini, ndiyo fahari ya makumbusho ya Berlin, ambako mnyama mmoja amesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Uchimbaji huo ulianza miaka michache tu baada ya Majimaji, katika nchi ambayo njaa ilikuwa imetoka kupita.

Mchana tulitembea kwa miguu hadi Mtaa wa Samora, tukafika kwenye sanamu ya Askari. Watu wengi hupita hapo wakiwahi daladala bila kuitazama. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa mwaka 1909. Huyu ndiye aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889, na baadaye akawa gavana. Waingereza waliiondoa sanamu yake. Ikasafirishwa hadi Hamburg, ikasimamishwa tena mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaiangusha kwa kumwona mtu aliyeonea watu.

Jina la Wissmann si geni kwa mtu wa mwambao wa Nyasa. Meli ya Wajerumani katika ziwa letu iliitwa Hermann von Wissmann. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la mwamba wa Pomonda. Meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea ikaanza kuipiga mizinga. Manahodha wa meli hizo mbili, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua ndogo kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa, akaambiwa kuwa vita vimeanza na yeye ni mateka. Pambano hilo hutajwa kuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika vita hivyo. Lilipiganwa kwetu, na wavuvi wa Liuli hawakuwa wameulizwa neno.

Nilimsimulia mke wangu hayo tukiwa tumesimama kando ya barabara, magari yakipiga honi. Alishangaa kwamba tulilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam ili tuzungumze juu ya Liuli, ambako tunaweza kufika kutoka Mbinga kwa siku moja. Neno lake lilinikaa moyoni. Mjini tulikutana na jina la meli yetu, tukakumbuka mifupa ya bonde letu na fuvu la shujaa wa mkoa wetu, na kila kimoja kilituelekeza nyumbani au ng'ambo. Pale Liuli bado upo mwamba wenyewe. Lipo kaburi la Padri William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi ziwani kwa karibu nusu karne hadi kifo chake mwaka 1928. Barabara ya lami siku hizi inafika Mbamba Bay. Kinachopungua ni watu wa kuyasimulia mambo hayo kwa wageni, na kwanza kabisa kwa watoto wetu wenyewe.

Jioni tulikula chipsi mayai na mishikaki kwenye meza za kando ya barabara, na siku iliyofuata wali maharage kwa mama lishe wa Kariakoo. Tuliona kwamba sahani nayo ina safari zake. Mahindi, mihogo na maharage asili yake ni Amerika, mchele na chai vilitoka Asia, na leo Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kulisha nchi mahindi. Kijana wa mjini anayemtania mtu wa kusini huenda ameshiba kwa jasho la huyohuyo anayemtania.

Siku ya mwisho tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1967, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, kama msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Ni kazi nzuri. Lakini nilipokuwa nikizunguka nilifikiria ngoro, ambazo haziwezi kubebwa zikaletwa mjini. Mvua zinapoelekea mwisho, mwanamume hufyeka majani na kuyalaza chini katika miraba kama kimia juu ya mteremko. Mwanamke huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafukia majani hayo, kikabaki kishimo chenye kingo pande zote, naye hupanda maharage juu ya kingo hizo. Majani huoza yakawa mbolea, kishimo hunywa maji ya mvua yasiubebe udongo, na msimu unaofuata shamba hupokea mahindi. Mlima ambao ungekuwa umebaki mwamba mtupu umelisha watu kwa vizazi vingi.

Kwa desturi kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Majani yasiyofukiwa hupeperushwa na upepo, na udongo usio na majani chini yake huondoka na mvua ya kwanza. Nilimwambia mke wangu kwamba hii ndiyo kumbukumbu ambayo Wamatengo tuliipata kutokana na woga, na sasa Mngoni ndiye anayefukia majani ninayofyeka. Alinikumbusha kwamba Machi haiko mbali, na kwamba mteremko wa juu mwaka uliopita niliuacha nusu.